Fomu Niliyoitoa Kabatini

Mimi ni mtu wa kisasi. Nalisema mapema ili asije mtu akanisoma huku anangoja mahali nitakapojifanya malaika. Kazini wananiita mpole kwa sababu nasema taratibu, na Jumamosi nakaa chini mkekani na watoto wa watu nawasomea hadithi mpaka sauti inakauka. Waache waseme. Mtu akinikosea simjibu, namweka. Na huyu mzee nilimweka zaidi ya miaka ishirini, tangu niko darasa la tano.

Maktaba yenyewe siitaji jina. Iko huku kwetu, ukitoka Kigoma mjini kuelekea Ujiji: ukumbi mmoja wa kusomea, chumba kidogo cha watoto, baraza kwa nyuma, na kaunta ya mbao ukiingia tu. Kusoma mle ndani hakukuwa na masharti, ulinawa mikono ukakaa. Lakini kutoka na kitabu kwenda nacho nyumbani kulitaka fomu, na fomu ilitaka mdhamini, yaani mtu mzima wa kuweka sahihi kwamba kitabu kikipotea ataulizwa yeye. Mimi nilikuwa na mzazi mmoja tu wa kumwomba. Baba alivuka ng'ambo, Kongo, nikiwa bado nanyonya, na hukohuko akabaki.

Kazi ya mama ni kuanika dagaa pale mwaloni Ujiji, mitumbwi inakoshusha samaki, zamani na hata leo. Wakati ule alikuwa pia anasoma kisomo cha watu wazima, saa za mchana, kwenye baraza hiyohiyo ya maktaba. Walikuwa wanawake kama kumi, wananuka samaki na mawese, wanatamka irabu kwa sauti kubwa mpaka wasomaji wa ndani wanafunga madirisha. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuandika jina lake. Nilipomweleza habari ya fomu, alifanya mazoezi ya sahihi karibu mwezi mzima. Akaandika kwa mkaa juu ya viroba, akaandika kwenye ukuta wa jiko, akaandika nyuma ya daftari langu la hesabu, na mwalimu akanichapa kwa sababu hiyo.

Siku yenyewe alioga mara mbili. Akavaa doti mpya ya kitenge, akajitanda mtandio wa mwenzake, akanishika mkono kana kwamba mimi ndiye ninayempeleka yeye shule.

Mkutubi wa siku hizo alikuwa mtumishi wa kuja, amehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Mrefu, viatu vinang'aa, Kiswahili chake cha redioni. Watu wakimheshimu, na yeye akijua kwamba anaheshimiwa. Mama akamwamkia, akainamia kaunta, akaandika jina lake kwenye ile fomu polepole sana, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuweka sahihi kwenye karatasi ya mtu mwingine. Alipomaliza akanitazama mimi, hakumtazama mkutubi.

"Kazi yako, mama?" mkutubi akauliza.

"Naanika dagaa, baba."

"Mwajiri wako nani?"

Mama akadhani ni utani. Watu wa mwaloni wana utani mwingi. "Mwajiri wangu jua," akasema.

"Haya, nenda na fomu hii ukamwambie jua akugongee muhuri. Mdhamini ni mtumishi mwenye mshahara na muhuri wa mwajiri. Hukuelewa wapi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Wanafunzi wa sekondari, walimu wawili, mfagizi, wote. Naye akachukua kalamu nyekundu, akakata ile sahihi kutoka kona hadi kona, akaisukuma fomu kando. Na mama alicheka. Hilo ndilo sijalisamehe mpaka leo. Alicheka pamoja nao, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio wa watu, akasema, "Sawa baba, nimeelewa," tukatoka.

Hakurudi tena kisomoni. Nilipomuuliza alisema mguu wake hautakanyaga pale, basi, na mama akisema jambo kwa sauti ile hulirudii. Mimi nilirudi. Nilirudi kila siku nikitoka shule, nikasoma humohumo ndani mpaka kengele ya kufunga, na kesho yake nikikuta kitabu kimeazimwa na mtoto wa mtumishi, basi tena. Kuna hadithi ya msichana aliyetupwa kisimani, mpaka leo sijui kama walimtoa. Kila kitabu nilichokatishwa nilimwandikia yule bwana kwenye hesabu yake.

Sitaeleza nilivyosoma, haiwahusu. Itoshe tu kwamba nilisomea ukutubi, nikaomba kazi, nikapangiwa maktaba ileile. Nilitaka nimkute ili nikae naye meza moja nimwonyeshe. Wapi! Alikuwa ameshastaafu. Niliambiwa hakurudi kwao, amejenga Bangwe, anakaa na mke wake huko juu anaangalia ziwa. Nikasema sawa, Bangwe si mbali.

Wakati wa kungoja nilifanya kazi. Na kazi yangu naijua, hilo hata adui hawezi kunikatalia. Nilianzisha saa ya hadithi ya Jumamosi. Nikaanzisha sanduku la vitabu, tunalipakia kwenye bajaji kila Jumatano tunalipeleka mwaloni, wanawake wanasoma au wanasomewa huku wanageuza dagaa juani. Mara moja kwa mwezi sanduku lilikwenda mpaka Ilagala. Mama alikuwa anakuja kwenye sanduku la mwaloni, anakaa pembeni na ungo wake. Nikimpa kitabu anakishika, anakigeuza, ananirudishia. "Mimi nasikiliza tu," anasema. Sikumsumbua.

Lakini kubwa nililolifanya ni lile la mdhamini. Kwenye kamati ya maktaba nilisimama nikapigana kama mtu aliyeporwa shamba. Niliwauliza, huku kwetu wenye mshahara wangapi? Mvuvi hana mwajiri, mkulima wa michikichi hana mwajiri, muuza mawese hana, kwa hiyo watoto wao wasisome nyumbani? Wakabishana vikao viwili, wakakubali. Masharti yakabadilishwa, fomu mpya zikachapwa. Nikaandika tangazo mwenyewe kwa kalamu nene, nikalibandika ukutani kando ya kaunta: mdhamini ni mtu mzima yeyote anayejulikana mtaani kwake. Wiki ile wanawake watano wa mwaloni walidhaminiana watoto. Nikaenda nyumbani nikamweleza mama mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Vizuri," akaendelea kuchambua mchele.

Kila mwaka nilimwomba aje kwenye siku ya wazi ya maktaba aone mwenyewe. Kila mwaka alikataa.

Basi, ikawa asubuhi moja nimekaa kaunta, naona kivuli kirefu kinaingia. Amezeeka, magoti yamekwisha, ameegemea fimbo, lakini viatu vilevile vinang'aa. Ni yeye! Nikasimama, nikamwamkia. Ndiyo, nilimpa shikamoo, ningefanyaje, lakini ile shikamoo ilinikwaruza koo ikitoka.

"Marahaba, binti," akasema. Hakunijua hata kidogo. Akaeleza kwamba mkewe amefariki, nyumba imekuwa kimya, na viti vyetu vya mbao magoti yake hayaviwezi tena. Anataka awe anaazima vitabu akasomee barazani kwake. Ametembea na picha zake mbili ndogo kwenye bahasha. "Nipe fomu nijaze," akasema. "Taratibu nazijua, mimi nilikuwa hapa."

Fomu mpya zilikuwa karibu na mkono wangu, rundo zima, chini ya kaunta. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mzee." Nikaenda chumba cha nyuma, nikafungua kabati la makaratasi ya zamani, nikafukua mpaka nikaipata: fomu ya enzi zake, imekuwa ya njano, sharti la mtumishi mwenye mshahara na muhuri wa mwajiri limechapwa kwa herufi kubwa pale chini. Nikapuliza vumbi. Haki ya Mungu, nilirudi kaunta karibu nakimbia.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, nacho nakitaja bila aibu. Nilitaka yule mzee asimame upande ule wa kaunta, mbele ya watu, aambiwe hapana, arudi kwake mikono mitupu. Si mara moja. Mara nyingi.

Aliipokea ile fomu, akaisogeza mbali na macho kuisoma, uso ukamng'aa. "Safi kabisa," akasema. "Nilifikiri mmeharibu." Tangazo langu lilikuwa hatua moja kutoka bega lake la kulia. Hakuligeukia. Mtu aliyebandika matangazo maisha yake yote hasomi tangazo, yeye anaamini kila kilicho ukutani ni chake na anakijua. Na mimi hilo nilikuwa nimelijua kabla sijampa fomu.

Mara ya kwanza alirudi na sahihi ya jirani yake, nesi mstaafu. Nikaitazama fomu mbele na nyuma. "Mzee, huyu hana mwajiri. Ni mstaafu."

"Kweli," akasema. "Kweli kabisa. Nimepitiwa."

Mara ya pili alileta ya mwalimu wa shule ya msingi. Muhuri upo. Nikauinua kwenye mwanga wa dirisha, nikakunja uso kama mtu wa benki. "Muhuri haujakolea, mzee. Tarehe haisomeki." Akarudi Bangwe na yale magoti. Mara ya tatu mwalimu amesafiri, yuko semina Kasulu, na mzee amekuja kuniuliza kama fundi mkuu wa karakana fulani anafaa. Nikamwambia fundi analipwa kwa kazi, halipwi mshahara, hafai. Watu wa kumdhamini hakuwa nao. Watumishi wenzake wa zamani walishahamishwa au wameshakufa, na majirani zake kule Bangwe ni wavuvi na akina mama wa sokoni, watu ambao maisha yake yote alikuwa anawapita na salamu ya kichwa.

Nawaambia ukweli, siku hizo chakula kilikuwa kinanipitia vizuri. Kila alipotoka pale mlangoni anajikongoja, mchana nilikula ugali wa muhogo na samaki wetu mgebuka nikaongeza. Dada mwenzangu wa kaunta aliniuliza, "Mbona huyu mzee unamzungusha na ile karatasi ya kale?" Nikamwambia huyo namjua mimi, wewe pokea wengine. Hakuuliza tena.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera. Mzee hakukasirika. Nilikuwa namngoja apige kaunta, aseme unajua mimi ni nani, ili nimwambie ndiyo, nakujua sana. Ng'o! Kila nilipomkatalia aliitika kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi aliyejibu vizuri.

Ikafika siku ya wazi ya maktaba. Siku hiyo ni Jumamosi, tunafungua milango yote, tunaandikisha wanachama wapya, watoto wanashindana kusoma kwa sauti, kuna ngoma kidogo pale nje na uji kwa watoto. Bajaji ilikuwa imepita tangu Ijumaa na kipaza sauti, Mwanga, Ujiji, mpaka Kibirizi. Asubuhi saa nne ukumbi umejaa, foleni ya kaunta imetoka nje. Mimi nagonga mihuri ya kadi, nacheka na watu, naulizwa hiki na hiki. Nikainua macho.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni.

Jamani! Sijui nisemeje. Kitenge kipya, kilemba kimefungwa vizuri, miguu imepakwa mafuta. Amekanyaga. Zaidi ya miaka ishirini, amekanyaga! Nilitaka kuruka ile kaunta.  Nikamwita, "Mama!" Foleni ikageuka ikampisha, maana wengi walimjua, na wanawake wa mwaloni wakapiga kigelegele.

Ndipo nikaona nani yuko nyuma yake. Yule mzee, na fimbo yake, na bahasha yake ya picha, anamfuata mama hatua kwa hatua kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari.

Walifika kaunta. Mama akapokea shikamoo yangu, akaweka mezani ile fomu ya njano, sasa imechoka kwa kukunjwa.

"Huyu mzee alikuja kununua dagaa," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, ila foleni yote ilisikia. "Akanieleza shida yake. Amekosa mdhamini. Nimemwambia nitamdhamini mimi. Nipe kalamu."

Nilimtazama. Akanitazama. Mama ananijua, mimi nimetoka tumboni mwake. Mkononi mwangu mlikuwa na kalamu. Chini ya kaunta kulikuwa na rundo la fomu mpya, na nyuma yangu dada mwenzangu ameshavuta moja anataka kuisogeza. Nilikuwa nimebakiwa na dakika moja ya kuwa mtu mwema, naiona kabisa ilivyokuwa imekaa pale. Lakini nikamwona na yule mzee, bega kwa bega na mama yangu, anakaribia kupata anachotaka, tena anapewa na yeye. Yeye, katika watu wote! Damu ikanipanda mpaka masikioni.

"Fomu hii inataka mtumishi," nikasema. "Mwenye mshahara. Na muhuri."

Nilikuwa nasema na mzee. Wallahi nilikuwa nasema na mzee. Lakini aliyeshika fomu alikuwa mama.

Hakuna aliyecheka safari hii. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mzee ndiye aliyeongea. Alimgusa mama begani, kwa upole, akasema, "Usijali, mama. Sheria ni sheria. Nilikwambia huyu binti ni hodari, ona mwenyewe." Kisha akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa yanatabasamu kwelikweli. "Wewe ndiye mkutubi hasa. Nimekaa kazini miaka mingi, sikuwahi kupata msaidizi kama wewe. Ndivyo nilivyokuwa."

Ningependa kuwa na maneno ya kueleza nilivyojisikia nikisifiwa na mdomo ule. Nilitamani anitukane.

 Mama alikuwa ameuinua uso, anatazama ukuta kando ya kaunta. Midomo yake ikaanza kwenda. Nilidhani anasali. Halafu sauti ikatoka, kidogo kidogo, kidole kinafuata hewani:

"M-dha-mini. Ni. Mtu m-zima. Ye-yote. A-na-ye-ju-li-kana. M-taani. Kwake."

Akapumua. Akasoma tena toka mwanzo, safari hii bila kukata. Sikuwa nimejua. Jumatano ngapi zile na sanduku, "mimi nasikiliza tu," kumbe alikuwa anafuata na macho! Mwanamke mmoja wa mwaloni akamwita mama yake kwa Kiha, "Mawe!" akaziba mdomo.

Mzee aligeuza shingo taratibu. Akalitazama tangazo langu kwa mara ya kwanza. Akasogea, akatoa miwani, akaivaa, akasoma mpaka chini.

"Limebandikwa lini hili?" akauliza.

Dada mwenzangu ndiye aliyejibu. "Tangu mwaka juzi, mzee."

Akaitazama ile fomu ya njano, akanitazama mimi. Sasa alikuwa ameelewa, nami nikaona angalau hicho nikipate, nisiondoke mtupu kabisa. Nikamwonyesha mama kwa kidole, mimi mwenyewe nikamnyooshea mama yangu kidole mbele ya watu. "Unamkumbuka huyu?" nikamwambia. "Ulimkatia sahihi yake kwa kalamu nyekundu hapahapa. Ulimtuma akagongewe muhuri na jua. Watu wakacheka."

Alimwangalia mama kwa makini, muda mrefu, kwa adabu. Alijaribu, siwezi kusema hakujaribu.

"Nilikataa wengi, binti," akasema mwishoni. "Simkumbuki."

Akaichukua bahasha yake ya picha. Mama alishamgeukia, amenyoosha mkono, "Ngoja, mzee, fomu zenyewe zipo, naweka sahihi sasa hivi." Dada mwenzangu ameshaiweka fomu mpya mezani, safi, tupu, kalamu juu yake. Lakini mzee akatikisa kichwa. "Asante, mama. Basi tena." Akatoka, fimbo inagonga sakafu, watu wakampisha njia mpaka nje. Nilikuwa nimetaka arudi mikono mitupu mbele ya watu, nikapata, tena ukumbi mzima.

Mama alibaki pale na kalamu mkononi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, weka tu sahihi, nitampelekea mwenyewe Bangwe kesho."

"Namdhamini nani?" akasema. "Mwenye fomu si ameondoka?" Akailaza kalamu juu ya kaunta, akatengeneza kilemba, akatoka kwa mlango uleule. Nilibaki nagonga mihuri mpaka saa nane, nikigonga nje ya mstari, na watoto wakashindana kusoma nisisikie hata neno moja.

Kesho yake nilikwenda Bangwe kweli, na fomu mpya kwenye mkoba. Mzee alinipokea vizuri, akanipa kiti, akakataa kuijaza. Akasema mwanawe amekuwa akimwita kwao siku nyingi na sasa ataitikia. Mwezi haukuisha alikuwa ameondoka, nyumba ikapangishwa. Simpendi bado. Nikisema nampenda nitakuwa mwongo, na uongo nimeshafanya wa kutosha.

Nilitoka Bangwe nikaenda moja kwa moja mwaloni. Mama alikuwa anageuza dagaa. Nikachukua upande wa pili wa chanja nikaanza kugeuza naye, nangoja anigombeze. Nilitaka anigombeze. Alifika mwisho wa mstari ndipo akasema.

"Alipokuja hapa nilimjua kabla hajafungua mdomo. Sura ile nitaisahau? Akakaa kwenye ndoo yangu hii. Akasema kuna binti mmoja pale maktaba anamzungusha, nikajua ni wewe, maana mwingine ni nani? Nikasema nitakwenda naye. Mwanangu akiniona mimi ataacha."

"Mama, nilifanya kwa ajili yako."

"Nilikutuma?"

Nikainama kugeuza dagaa. Aliokota dagaa walioanguka mchangani, akawapuliza mmoja mmoja, akawarudisha juu ya chanja.

"Yule bwana alitembea kutoka Bangwe mpaka hapa kwa magoti yale," akasema, "akakaa chini yangu, akaniomba sahihi. Yeye, aniombe mimi. Nilikosa usingizi kwa furaha. Nilifanya mazoezi upya usiku kucha kama msichana. Mimi sikuwa na kingine nilichokitaka kwake duniani ila hicho, na nilikuwa nimekipata, nakileta kwenye kaunta yako." Akaondoka kwenda chanja ya pili, na huko ndiko alikomalizia, bila kugeuka. "Wewe ndiye uliyekikataa."